Vidhibiti vinavyokinga plastiki dhidi ya jua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa watengenezaji wa matangi, viroba, viti, mabomba na nailoni za vitalu nyumba, na kwa wakulima na mafundi wanaozinunua. Tumeanza na misingi, kisha vipimo vya kiwandani, na mwishoni hali zisizo za kila siku.

## Jua na plastiki

Jua linaiharibuje plastiki?

Madhara makubwa yanatokana na miale ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 295 na 400. Mwale wa nanomita 300 hubeba nishati ya karibu kilojuli 400 kwa moli, na kiungo cha kaboni kwa kaboni huvunjika kwa takriban kilojuli 350. Kwa hiyo nguvu ya kukata ipo. Polithini na polipropilini zikiwa safi kabisa zingeipitisha miale hiyo bila kuinasa, lakini hakuna plastiki ya kiwandani iliyo safi kiasi hicho. Huwa na mabaki ya kichocheo, na wakati wa kuyeyushwa joto huacha vikundi vya kabonili na hidroperoksaidi. Hivyo ndivyo vinavyoinasa miale.

Mwale ukikata kiungo, huacha radikali huru, yaani kipande cha molekuli chenye elektroni isiyo na mwenza. Radikali hiyo hushika oksijeni ya hewani, hunyang'anya hidrojeni kwenye mnyororo wa jirani, na kuacha hidroperoksaidi pamoja na radikali nyingine mpya. Hidroperoksaidi nayo ikipigwa na jua hupasuka na kutoa radikali mbili. Ndiyo maana uharibifu huanza polepole, halafu ghafla unakwenda mbio: kiti kilichokuwa kizima msimu uliopita leo kinapasuka mtu akikikalia.

Mbona unga mweupe hutoka kwenye kiti au ndoo iliyokaa juani?

Oksijeni na miale vyote huingilia juu, hivyo tabaka la nje hufa kwanza. Minyororo ikishakatika vipande vifupi, uso hupata nyufa ndogondogo, na rangi au chokaa iliyochanganywa ndani hubaki bila kitu cha kuishikilia. Ukipangusa kwa kidole inatoka kama unga. Nyufa hizo ni mbaya kuliko zinavyoonekana, kwa sababu kitu kikigongwa ufa huanzia hapo na kukimbia hadi ndani kwenye plastiki ambayo bado ni nzima.

Je, plastiki zote huharibika kwa kasi moja?

Hapana. Polipropilini ni dhaifu kuliko polithini kwa sababu mnyororo wake una hidrojeni nyingi zinazong'oka kwa urahisi. ABS, plastiki ngumu iliyochanganywa na mpira, huanza kufa kwenye sehemu yake ya mpira. Polikaboneti hugeuka njano. Akriliki huvumilia sana. PVC ina ugonjwa wake, tazama swali lake chini.

## Vidhibiti na kazi ya kila kimoja

Kuna aina ngapi za vidhibiti?

Kwa kazi ya kila siku, fikiria makundi manne: vifunika miale (kaboni nyeusi, titani nyeupe), vifyonza miale, vinasa radikali vinavyojulikana viwandani kama HALS, na vizuia oksidi vinavyoilinda plastiki ikiwa kwenye joto la mashine. Kulikuwa na kundi la tano, vidhibiti vya nikeli, vilivyotumika sana kwenye nailoni za kilimo na kuziachia rangi ya kijani kidogo. Vilistahimili salfa vizuri, lakini vimeachwa kwa sababu ya madhara ya nikeli yenyewe.

Kosa tunalokutana nalo zaidi ni kuuliza "kipi bora?" wakati kila kimoja hulinda mahali pake na kwa wakati wake.

Kifyonza miale hufanyaje kazi, na kwa nini peke yake hakitoshi?

Vifyonza vya kawaida ni vya familia za benzofenoni, benzotriazoli na triazini. Molekuli hunasa mwale, hidrojeni moja ndani yake huhama kutoka oksijeni kwenda kwa atomu ya jirani, kisha hurudi mahali pake, na nishati yote hutoka kama joto kidogo. Molekuli iko tayari kunasa mwale mwingine.

Udhaifu wake ni kwamba hutegemea unene. Tuseme nailoni ya mikroni 200 yenye kifyonza hupitisha asilimia 10 tu ya miale. Kwa kipimo kilekile, nailoni ya mikroni 50 itapitisha asilimia 56, na ya mikroni 20 itapitisha asilimia 79. Sasa geuza hesabu hiyo: hata kwenye nailoni nene, mikroni 20 za juu kabisa zinapokea karibu miale yote, kwa kuwa juu yake hakuna kinga. Na tumeshaona kwamba kifo huanzia juu. Kwa utepe wa kiroba au uzi wa neti ya kivuli, kifyonza ni karibu pesa iliyopotea bure.

HALS ni nini?

Ni amini ambazo nitrojeni yake imezungukwa na vikundi vinne vya methili vinavyoizuia isiguswe ovyo. Zilianza kuuzwa miaka ya 1970. Hazifyonzi miale hata kidogo. Zenyewe hugeuzwa na oksijeni na radikali kuwa nitroksili, na nitroksili hunasa radikali ya kaboni kabla haijapata oksijeni. Kiunganishi kinachopatikana hukutana na radikali nyingine ya peroksi, nitroksili hufunguliwa, na kazi huanza upya. Mzunguko huu huitwa duara la Denisov, na ndio unaofanya kiasi kidogo kidumu miaka.

Kwa kuwa HALS hunasa radikali popote zilipo, unene si hoja kwake. Hulinda uso na hulinda utepe mwembamba. Inachoogopa ni asidi. Tazama swali la salfa.

Kwa nini mabomba ya maji ya polithini ni meusi?

Kwa sababu kaboni nyeusi ndiyo kinga ya bei nafuu na ya kudumu kuliko zote. Kiwango cha ISO 4427 kinataka asilimia 2 hadi 2.5 kwenye mabomba hayo. Kiasi pekee hakitoshi: chembe ziwe ndogo, karibu nanomita 20 hadi 25, na zitawanyike vizuri. Kaboni yenye mabonge huacha njia za miale na wakati huohuo bonge lenyewe ni chanzo cha ufa. Kata kipande chembamba kwa wembe, kiweke chini ya hadubini chenye mwanga kutoka chini: ukiona mistari au madoa, rangi yako ni nyeusi lakini kinga haipo.

Kama HALS ipo, kizuia oksidi cha kazi gani?

HALS hailindi plastiki iliyoyeyuka. Kwenye nyuzi 200 hadi 260 za mashine, kazi hiyo ni ya fosfaiti (inayouzwa kwa namba 168 ni maarufu), ambayo huvunja hidroperoksaidi bila kuzaa radikali, ikisaidiana na fenoli kama 1010 au 1076. Mchanganyiko wa 1010 na 168 huuzwa tayari kwa uwiano wa 1 kwa 1 au 1 kwa 2, na kipimo cha kawaida ni asilimia 0.1 hadi 0.2.

Uhusiano wake na jua ni huu: plastiki iliyoungua kidogo mashineni hutoka ikiwa tayari na kabonili na hidroperoksaidi, yaani vinasa miale vilevile tulivyovitaja mwanzo. Ukibana senti kwenye fosfaiti, HALS huanza kazi ikiwa tayari na deni.

## Kuviunganisha

Kwa nini kifyonza na HALS pamoja hushinda kimoja kilichoongezwa mara mbili?

Kifyonza hupunguza idadi ya radikali zinazozaliwa ndani ya unene, na HALS hushughulikia uso ambao kifyonza hakiufikii, pamoja na radikali chache zinazoponyoka. Isitoshe, vifyonza vyenyewe huuawa na radikali, kwa hiyo HALS hurefusha maisha ya kifyonza. Huko ndiko kusaidiana kwa kweli. Kwa bidhaa nene ya polithini au polipropilini yenye rangi ya mwanga, anza na sehemu mbili za HALS kwa sehemu moja ya kifyonza, kisha urekebishe kwa majaribio.

Kuna faida kuchanganya HALS mbili?

Ipo, na hufanywa sana. HALS ndogo kama 770, yenye uzito wa molekuli 481, husafiri haraka hadi kwenye uso unaoshambuliwa, lakini huoshwa na kupotea. Kubwa kama 944 (2,000 hadi 3,100) au 622 (3,100 hadi 4,000) hukaa mahali pake kwa miaka. Kwa kiti nene cha polipropilini, ndogo na kubwa hufanya kazi vizuri pamoja. Kwa nailoni na nyuzi, tumia kubwa tu, kwa kuwa ndogo itahama na kutoweka. Jozi ya 944 na 622 kwa nusu kwa nusu ni ya kawaida kwenye nailoni za kilimo.

Viungio vipi hugombana?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, maana kila kiungio kinaweza kuwa kizuri peke yake.

Vizuia oksidi vya salfa, yaani thioesta kama DSTDP, huzaa asidi zinazoiua HALS. Ni vizuri kwa bidhaa ya ndani inayokaa kwenye joto, vibaya kwa ya nje. Vizuia moto vyenye bromini hutoa asidi ya namna hiyohiyo juani. Ulanga na kaboni nyeusi hunyonya vidhibiti kwenye uso wa chembe zake, hivyo kipimo lazima kiongezwe. Mabaki ya kichocheo yana kloridi inayozaa asidi; ndiyo sababu ya kuweka kimeza asidi kama kalsiamu stearati, karibu asilimia 0.05, au hidrotalkaiti.

Upande wa rangi: titani nyeupe ina aina mbili za fuwele, anatasi na rutili. Ya anatasi ikipigwa na jua huchochea uharibifu badala ya kuuzuia. Dai rutili iliyopakwa tabaka la kinga. Muuzaji asiyejua anauza ipi, usinunue kwake bidhaa ya nje.

## Vipimo kiwandani

Niweke kiasi gani?

Hivi ni vipimo vya kidhibiti halisi vya kuanzia majaribio, kwa jua la Afrika Mashariki:

- Utepe wa viroba na uzi wa neti: HALS kubwa asilimia 0.2 hadi 0.5.
- Viti na kreti: HALS 0.2 hadi 0.4, kifyonza 0.1 hadi 0.2.
- Matangi: HALS 0.2 hadi 0.5, pamoja na rangi.
- Nailoni ya kitalu nyumba ya mikroni 200: HALS 0.4 hadi 1.0, kifyonza 0.1 hadi 0.3.

Nina mastabachi (punje za plastiki zilizokandwa na kidhibiti kingi) yenye asilimia 20. Napigaje hesabu?

Gawanya kiwango unachotaka kwenye bidhaa kwa kiwango kilichomo kwenye mastabachi. Ukitaka 0.3 na mastabachi ina 20, utahitaji asilimia 1.5 ya mastabachi: kilo 1.5 kwa kilo 98.5 za malighafi, au takriban gramu 380 kwa mfuko wa kilo 25.

Wapo wanaosoma "0.3" kisha wakapima asilimia 0.3 ya mastabachi, gramu 75 kwa mfuko. Bidhaa yao inapata 0.06, sehemu moja ya tano, na hakuna jicho litakaloiona tofauti mpaka malalamiko yaanze kuja. Uliza pia ile 20 ni ya nini. Mastabachi ya bei ya kutupa mara nyingi huandikwa "UV" bila kusema kidhibiti ni kipi wala ni asilimia ngapi. Dai karatasi yenye vyote viwili.

Kwa nini baadhi ya vipande kwenye toleo moja huharibika mapema?

Karibu kila mara ni uchanganyaji. Punje zikichanganywa kwa koleo sakafuni, nzito na nyepesi hutengana kwenye faneli. Tumia kipimio kwenye mashine au pipa la kuzungusha. Kwa matangi hali ni ngumu zaidi: kalibu inayozungushwa ndani ya tanuri haina parafujo ya kukanda, kwa hiyo punje za mastabachi zikitiwa pamoja na unga huacha mistari. Kidhibiti kikandwe ndani ya plastiki kwanza, halafu isagwe kuwa unga wa mikroni 500 au chini.

Nitajuaje kinga inatosha bila kusubiri miaka mitano?

Maabara hutumia taa za zenoni (ISO 4892-2) au taa za floresenti (ISO 4892-3). Mzunguko wa kawaida wa floresenti ni saa 8 za taa ya UVA-340 kwa nyuzi 60, kisha saa 4 za umande kwa nyuzi 50. Kataa matokeo ya UVB-313 unapolinganisha vidhibiti. Taa hiyo hutoa miale mifupi ambayo haifiki duniani, na hupanga washindi visivyo. Bidhaa huhesabiwa imekufa urefu wake wa kuvutika hadi kukatika unapobaki nusu. Alama ya UV 8 kwenye malighafi ya matangi humaanisha saa 8,000 za kipimo cha namna hiyo. Si miaka minane.

Bila maabara: kata vipande vya sentimita 2 kwa 15, vifunge juu ya paa mahali pasipo kivuli, vingine viweke kabatini. Kila mwezi kunja kimoja hadi ncha zigusane, uso uliopigwa jua ukiwa nje ya mkunjo. Nyufa zikionekana kwa kioo cha kukuza, kinga imekwisha. Weka kando yake kipande kisicho na kidhibiti, la sivyo huna cha kulinganisha.

## Nailoni za vitalu nyumba

Dhamana inasema miaka minne. Mbona imepasuka ndani ya miwili na nusu?

Uliza miaka minne ya wapi. Nishati ya jua hupimwa kwa kilolangli, na kilolangli 1 ni sawa na megajuli 41.84 kwa mita ya mraba. Ulaya ya kati hupata karibu 90 hadi 100 kwa mwaka. Sehemu nyingi za Kenya na Tanzania, zenye kilowati-saa 2,000 kwa mita ya mraba kwa mwaka, hupata karibu 170. Nailoni iliyoundwa kuvumilia kilolangli 400 itamaliza miaka minne kule na miaka miwili na miezi minne hapa. Nunua kwa kilolangli, si kwa miaka.

Salfa ya ubwiri unga inaharibu nailoni?

Ndiyo, na ndicho chanzo kikuu cha ugomvi kati ya wakulima wa waridi na wauza nailoni, Naivasha na kwingineko. Salfa inayofukizwa hutua kwenye nailoni, na jua na unyevu huigeuza kuwa asidi. Asidi hushikana na amini ya HALS na kuwa chumvi, na chumvi haiwezi kuwa nitroksili. Duara linasimama. Metam sodiamu ya kufukizia udongo nayo ina salfa, na dawa zenye klorini hufanya vivyo hivyo.

Hatua za kuchukua: salfa ipate moto wa kuifukiza tu, isiwake, kwa kuwa ikiwaka hutoa dioksidi ya salfa, kifukizio kisikae chini tu ya nailoni, elekeza pua za bomba la dawa mbali na paa, fungua madirisha baada ya muda wa dawa kuisha, epua au funua kitalu unapofukiza udongo. Kama salfa ni ya kila wiki, nunua nailoni yenye HALS ya aina ya NOR, ambayo si besi na hivyo haishikani na asidi kirahisi. Dhamana nyingi huweka kikomo cha salfa na klorini kwa sehemu kwa milioni. Kisome kabla ya kulipa, na utunze kumbukumbu za unyunyizaji.

Kwa nini inakatika kwenye mabomba ya chuma kwanza?

Chuma hupata joto juani, na kwa kanuni ya jumla kasi ya uharibifu hukaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10. Paka rangi nyeupe ya maji upande wa nje wa nailoni, juu ya kila bomba. Usitumie rangi ya mafuta au yenye thina. Usiegemeze nailoni kwenye mabomba ya PVC wala mbao zilizotiwa dawa ya shaba.

## Hali za pembeni

Ninatumia plastiki iliyorejelezwa. Niongeze nini?

Kila kitu, tena zaidi. Vidhibiti vya kwanza vimeshatumika, na kabonili zimejaa. Anza na fosfaiti na fenoli 0.2, kalsiamu stearati 0.05 hadi 0.1, na HALS mara moja na nusu ya kipimo cha plastiki mpya. Osha vizuri: mabaki ya shaba na chuma huchochea uharibifu, na nailoni ya kitalu huja na salfa yake. Mifuko iliyotiwa viungio vya kuioza haraka ina kobalti au manganizi, kazi yake ni kinyume kabisa cha HALS. Itenge, hakuna kipimo cha busara kitakachoifidia.

Je, HALS hufaa kwa PVC?

Kwa kawaida hapana. PVC hutoa asidi ya haidrokloriki inayoiua HALS, na amini yenyewe huweza kuiharakisha PVC kuharibika. PVC ya nje hutegemea kidhibiti cha joto kama kalsiamu na zinki, titani ya rutili na wakati mwingine kifyonza. Bomba la PVC la kupitisha maji ya mvua lililo juani lipake rangi ya maji.

Na polikaboneti ya paa?

Hapo pia HALS nyingi hazifai, kwa sababu besi hukata mnyororo wa polikaboneti. Kinga ni tabaka jembamba la nje, karibu mikroni 50, lenye kifyonza kingi. Mara nyingi liko upande mmoja tu. Usibandue karatasi ya alama mpaka umejua upande upi hutazama juu. Ukigeuza, paa litakuwa njano ndani ya muda mfupi na hakuna dhamana itakayokulipa.

UV-328 bado inaruhusiwa?

Mwaka 2023 kifyonza hicho cha benzotriazoli kiliingizwa kwenye orodha ya kuondolewa ya Mkataba wa Stockholm, kukiwa na misamaha ya muda kwa matumizi machache. Usikianzishe kwenye bidhaa mpya, na muulize muuzaji wa mastabachi kama kimo.

Naweza kupaka kidhibiti juu ya tangi lililokwishatengenezwa?

Kidhibiti chenyewe hapana, hakitaingia. Tangi ambalo bado halina nyufa lifunike kwa kivuli cha neti au bati. Rangi hushika vibaya kwenye polithini, na tangi lenye nyufa za nywele kwenye bega haliokolewi na chochote: litoe maji kabla halijayatoa lenyewe.